Kumchora mtu na punda wake bila kuwaonea

Kabla ya rangi, tafuta kiti. Jicho la punda wa Lamu liko karibu na usawa wa kifua cha mtu mzima. Ukichora umesimama karibu naye, kichwa kitakuwa kikubwa, miguu mifupi, na mnyama ataonekana wa kuhurumiwa tu. Kaa mpaka macho yenu yalingane. Ndivyo mchoraji Velázquez alivyomtazama Sebastián de Morra, mtu wa kimo kifupi aliyetumikia jumba la mfalme wa Hispania, katika mchoro wa miaka ya 1640: ameketi chini, nasi tumeshushwa hadi usawa wa uso wake. Kama unatumia picha ya simu, rudi nyuma mita 3 au 4 ndipo uvute. Ukisogea karibu sana pua inavimba. Mwenye punda aombwe ruhusa kwanza, na si kwa adabu tu: anayepigwa picha kwa kuibiwa hukaza shingo.

Makosa mengi yako jichoni. Wengi humpa punda jicho la binadamu, weupe pande zote, wakidhani wanamtia utu. Kumbe weupe huo huonekana zaidi akiwa na hofu. Aliyetulia huonyesha kahawia iliyokolea, na mboni yake si duara, imelala mlalo. Kope ya juu hutupa kivuli, basi nukta ya mwanga iwe ndogo, yenye rangi ya anga.

Ngozi nyeusi ya mwenye punda haitaki rangi nyeusi ya tyubu, huifanya bapa. Changanya sehemu 2 za sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na 1 ya buluu ya ultramarini upate kivuli. Kwenye paji la uso usiongeze nyeupe peke yake, ngozi itapauka kama iliyokosa mafuta. Tanguliza oka ya njano. Mchanganyiko uleule wa kivuli, ukizidishiwa nyeupe, hutoa kijivu cha punda, na hapo wawili hao wanakaa chini ya jua moja.

Kovu la shogi, mfuko wa mizigo wa punda, mgongoni libaki na ukubwa wake. Ukilikuza, umemgeuza punda tangazo la michango. Ukilifuta, mwenyewe atajua.

Masikio yawe ya mwisho, maana hayatulii. Yachore kwa penseli mara kadhaa, dakika 2 kila mara, kisha chagua yanayoafikiana na jicho: yaliyolazwa nyuma kabisa ni hofu au hasira, yaliyolegea pembeni ni mapumziko.