Gari linakula oili: kumbukumbu ya kumdai mtengenezaji

Kwa wanaotaka jibu kabla ya hadithi: injini ilifunguliwa, pistoni zote nne na ringi zake (pete za chuma zinazozizunguka) zikabadilishwa kwa gharama ya kiwanda, na gari limerudi barabarani. Yaliyobaki ni madogo, nitayafikia. Ninaandika haya kwa sababu kila nikiulizwa nilimjua nani ndani ya kampuni, nami nasema sikumjua mtu, huwa siaminiki.

Gari ni la petroli, injini ya lita 1.8. Nililinunua jipya hapa Nairobi kwa mkopo wa Sacco, waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Jina la kampuni naliacha. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, inabeba lita 4.2 pamoja na filta, na oili ambayo kitabu kinataka ni 0W-20, oili nyepesi. Tarehe siziweki, nahesabu kwa kilomita.

Kilomita 41,300

Kwenye kona za kuteremkia Mai Mahiu taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazimika, ikawaka tena kona iliyofuata. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka konani, oili kidogo iliyobaki imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Nilisimama penye nafasi, nikangoja oili ishuke, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: kavu. Chini ya gari hakuna tone, maji ya rejeta safi. Ilimeza lita 2.2 ndipo ikafika alama ya juu, na sevisi ya mwisho ilikuwa 35,100.

41,300 hadi 43,300

Hizi ni kilomita za kupima tu. Nilipima asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa pale pale kwenye maegesho ya ghorofa yetu ambako sakafu imelala sawa. Dipstiki inafutwa kwa kitambaa cheupe, inarudishwa, inachomolewa, inasomwa pande zote mbili. Upande mmoja mara nyingi hupakwa oili na ukuta wa bomba na kukudanganya kwamba umejaa, kwa hiyo nilichukua upande wenye alama ya chini. Kisha nilijaza kwa jagi lenye mistari ya mililita hadi alama ya juu, nikaandika kilichoingia, nikapiga picha dipstiki na dashibodi yenye kilomita.

Elfu ya kwanza: lita 0.41. Elfu ya pili: 0.44.

Fundi wangu wa Grogan, mtaa wa magereji hapa Nairobi, ambaye namwamini kwa breki na suspensheni, alitoa dawa anayoitoa kwa kila mtu: "Mkubwa, tia 20W-50, ile nzito, huo ulaji wa oili utapungua." Huenda kweli ingepungua kidogo. Lakini injini hii ina njia nyembamba za oili zilizopimwa kwa oili nyepesi, na kampuni ingepata sababu tamu ya kunifukuza: umetia oili ambayo si yetu. Chochote nilichoongeza kipindi hiki kilikuwa cha daraja la kitabu, na risiti nikaiweka.

Alinisaidia kusoma moshi, na hilo linafaa kulijua. Gari likitoa moshi wa bluu asubuhi linapowashwa kisha likaacha, shuku sili za vali (raba zinazozuia oili isipite kwenye vali), kwa sababu oili imechuruzika usiku. Likitoa baada ya mteremko mrefu, umeachia pedali ya mafuta kisha ukakanyaga tena, shuku ringi: wakati umeachia, silinda zinavuta kwa nguvu na kunyonya oili kutoka chini. Langu lilikuwa la pili. Alinifuata nyuma na pikipiki ya kijana wake hadi akauona. Siku za kawaida moshi hauonekani kabisa, maana katalitiki konveta, kile kisafisha moshi kwenye egzosi, inauunguza kabla haujatoka, na ndiyo sababu watu wengi hugundua wakati dipstiki tayari imekauka.

Tulibadilisha vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa sampu kwenye injini. Ni spea ya bei nafuu na ikikwama inaweza kuleta ugonjwa huu huu. Haikuwa yenyewe.

43,500

Karakana ya wakala wa kampuni, Industrial Area. Dada wa mapokezi alisikiliza kwa adabu, akaandika "mteja anadai gari linatumia oili", akampa fundi. Walipima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, ikatoka nzuri, nikaambiwa injini ni nzima na kwamba lita 1 kwa kila kilomita 1,000 ni kawaida ya injini za siku hizi.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa.

La kwanza, kompresheni. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia hewa na moto, ya tatu hukwangua oili kutoka ukutani na kuirudisha sampuni kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Kipimo cha kompresheni huuliza habari za zile mbili za juu. Ringi ya tatu inaweza kuwa imeganda kabisa na geji isiseme neno. (Tena Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji husoma pungufu ya kitabu kwa karibu sehemu moja ya tano. Ukiambiwa kompresheni iko chini, uliza kwanza kama hilo limehesabiwa.)

La pili, hiyo lita 1. Vitabu vya magari kadhaa vinaitaja kweli kama kikomo, hawajaibuni mapokezini. Lakini piga hesabu. Mtengenezaji huyo huyo anasema oili ibadilishwe kila kilomita 10,000. Kwa lita 1 kwa kila elfu, injini yenye lita 4.2 ingeunguza lita 10 kati ya sevisi na sevisi, ikauke kabla ya nusu ya safari. Anayekwenda Mombasa na kurudi angebeba oili pamoja na chai ya thermosi.

Na wenyewe watengenezaji wanajua. Toyota walipokubali kubadilisha pistoni na ringi za injini za 2AZ-FE Marekani, kigezo kilikuwa kwati 1 ndani ya maili 1,200, yaani karibu lita 0.49 kwa kilomita 1,000. Subaru nao mwaka 2016 waliafikiana na wateja wa Marekani waliolalamikia ulaji huu huu wa oili, waranti ya injini zilizohusika ikarefushwa hadi miaka 8 au maili 100,000. Mapatano hayo hayavuki bahari kuja kwetu. Jirani yangu mwenye gari la kutoka Japani alifurahi kuyasikia, ikabidi nimwambie kwamba yeye amdai aliyemuuzia. Nilichotaka kwayo ni hoja moja tu: kikomo ni uamuzi wa kampuni, na kampuni huubadilisha.

Kwa hiyo sikubishana. Nilimwomba dada aniandikie, kwa karatasi yenye nembo, kwamba kampuni inaona lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa kawaida kwa injini hii. Akaenda kumwita meneja wa karakana.

Meneja

Mtu mzima, mtaratibu, mikono bado ina oili ya kweli. Alifunga mlango, akasema: "Mzee, mimi si adui yako. Nikifungua hii injini bila nambari ya kibali kutoka kiwandani, gharama inabaki kwangu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyogeuza mradi. Wakala anauza na kutengeneza. Anayelipa kazi ya waranti ni mtengenezaji, na mtengenezaji hulipa akiona faili. Karatasi zangu za nyumbani, hata ziwe safi vipi, haziingii kwenye faili. Kinachoingia ni kipimo walichofanya wao, kwa utaratibu wao, na lakiri zao. Nikamuuliza kama kuna taarifa ya kiufundi ya kiwanda kuhusu injini hii. Alifungua kompyuta. Ilikuwapo. Kikomo chake: lita 0.5 kwa kilomita 1,000. Kule mapokezi hakuna aliyewahi kuisoma.

44,100: barua

Ukurasa mmoja. Nambari ya chasisi, kilomita, tarehe za sevisi zote (zote nilifanyia kwao, na hilo lilinisaidia sana), vipimo vyangu viwili, na ombi moja: mnifanyie kipimo rasmi cha matumizi ya oili kwa mujibu wa taarifa yenu, mnipe matokeo kwa maandishi. Mwishoni niliweka aya fupi: Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na fidia ya hasara itokanayo na kasoro, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Nakala kwa ofisi ya mtengenezaji ya kanda.

Rafiki yangu wakili alitaka tutishie moja kwa moja Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai hadi shilingi milioni 1. Bei niliyopewa ya kazi hii nikijilipia ilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo mlango ulikuwapo. Niliuacha akiba. Ukishamshtaki mtu, meneja mtaratibu haruhusiwi tena kufunga mlango na kukuambia ukweli.

44,820 hadi 45,830: kipimo rasmi

Oili mpya, filta mpya, injini ikawashwa na kupumzishwa, oili ikafikishwa alama ya juu mbele yangu. Kisha nati ya sampu ikapakwa mstari wa rangi ya njano unaovuka hadi kwenye chuma cha sampu, ili ikifunguliwa mstari ukatike. Kifuniko cha kujazia na mpini wa dipstiki vikawekwa stika yenye mhuri. Niliambiwa nisiongeze tone, taa ikiwaka nizime na nipige simu.

Niliendesha kama kawaida yangu: Waiyaki Way ya asubuhi, foleni ya jioni, na safari ya Nakuru kwa njia ya Mai Mahiu. Mtu akikushauri ukimbize gari ili lile zaidi, achana naye. Kompyuta ya gari inaweza kuhifadhi habari nyingi kuliko unavyofikiri.

Kurudi: rangi haijakatika, stika nzima. Fundi akamimina kutoka jagi la mililita hadi dipstiki ikafika alama ile ile. Lita 0.58 kwa kilomita 1,010. Meneja akapiga picha mwenyewe, akaandika, tukatia sahihi sote wawili. Wakaingiza na kamera nyembamba kupitia tundu la plagi: sehemu yote ya juu ya pistoni imefunikwa kaboni nyeusi, isipokuwa ukingo wa pembeni, ambao umeng'aa kwa kuoshwa na oili inayopanda.

Kusubiri

Nambari ya kibali ilichelewa. Kila Ijumaa nilituma barua pepe yenye mstari mmoja. Hakuna zaidi la kusema.

46,200: injini mezani

Niliomba kuona, wakaniruhusu. Pistoni zilikuwa zimepangwa kwa nambari juu ya kadibodi. Ringi ya tatu, ambayo ukiibonyeza inatakiwa iingie na kuruka, ilibaki ilipo. Fundi kijana alichukua sindano akajaribu kutoboa kitundu kimoja cha kurudishia oili, ikapinda. Ringi za siku hizi hufanywa legevu ili injini isisuguane sana na itumie petroli kidogo. Ongeza joto la foleni zetu, oili ikapikwa humo nyuma ya ringi, vitundu vinaziba.

Halafu akafungua boksi la pistoni mpya. Nambari ya spea ni ile ile, ila herufi ya mwisho imebadilika. Tukaziweka sambamba: mpya ina vitundu vingi zaidi, na vipana zaidi. Hakuna kiwanda kinachochora pistoni upya kwa kujifurahisha. Walijua, wakarekebisha, wakanyamaza, wakangoja nani ataleta faili.

Kuta za silinda zilipimwa, mikwaruzo ya msalaba ya kiwandani bado inaonekana, yaani hazijalika, kwa hiyo bloku ilibaki. Gasketi mpya, boliti za silinda hedi mpya (zile huvutika zikikazwa, hazirudiwi), plagi mpya.

47,200

Kilomita elfu za kwanza baada ya ukarabati: lita 0.09. Ringi mpya zinatafuta nafasi yake, sikushtuka. Nimeepuka kuliacha gari likinguruma bure na mwendo wa kasi moja kwa muda mrefu.

49,200

Elfu mbili tangu hapo. Dipstiki haijasogea kiasi cha kusomeka. Nakuru na kurudi, hakuna moshi mteremkoni.

Yaliyobaki: oili niliyonunua mfukoni wamekubali kuifidia kwa kuipunguza kwenye bili ya sevisi ijayo, zile zenye risiti tu. Katalitiki konveta wamekataa kuibadilisha, wakisema inapita kipimo cha kompyuta. Oili iliyoungua huacha fosforasi na zinki ndani yake, na madhara yake huja polepole, kwa hiyo nimedai barua inayosema ikifa kabla ya kilomita 100,000 au kabla ya waranti kuisha itahesabiwa ni tokeo la kasoro hii. Meneja ameipeleka kanda. Barua pepe ya Ijumaa inaendelea, mstari mmoja.