Chai ya kwenye feri Istanbul

Jana nko kwenye feri natoka Kadıköy upande wa Asia naenda Eminönü upande wa Ulaya, mzee mmoja kakaa pembeni yangu na kiglasi chake cha chai, kusikia mi Muislamu kutoka Tanzania akafurahi kweli, akaniagizia na mimi. Basi nkamchokoza, mzee nyie Waturuki mko NATO, ule muungano wa kijeshi wa Magharibi, tangu 1952, Umoja wa Ulaya mnabisha hodi toka 1987, halafu 2019 mkaleta makombora ya Mrusi mpaka Mmarekani akawatoa kwenye mradi wa ndege za kivita za F-35, sasa nyie hasa ni akina nani? Akacheka, akakoroga sukari weee, akanyoosha kidole upande wa Asia, "nyumbani kule", akageukia Ulaya, "duka langu huku". Ila alipoanza kuwasema Waarabu nkahamisha stori kwenye mpira fasta 😅