Noti Yangu Kwenye Ubeti wa Wenyewe

Deni lilianzia stesheni ya Dodoma, Jumamosi alfajiri. Mwalimu alikuja na simu mkononi akilalamika kuwa mtandao wa benki umegoma, nimlipie nauli, tukifika Dar atanirudishia. Nikalipa. Tulikuwa watatu: mimi, Mwalimu na Fundi, mtu wa Majengo anayetengeneza redio na spika, ambaye safari hii alikuwa ameipania tangu Krismasi. Wikendi tusikilize dansi Dar, Jumanne tuvuke kwenda Unguja, Ijumaa na Jumamosi tumalizie Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara.

Treni ya umeme imetudekeza. Kabla ya 2024, mtu wa Dodoma akienda Dar kwa basi alikuwa ameiaga siku yake. Sasa unasinzia kidogo, mahandaki ya Kilosa yanakuziba masikio, ukizinduka uko Morogoro, na jasho la Dar linakupokea kabla hujachoka kukaa.

Usiku ule tulikwenda Kinondoni, ukumbi wa wazi wenye viti vya plastiki na harufu ya mishikaki, bendi ikirudia nyimbo za enzi za Msondo na Sikinde. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ikaanza 1978, na wazee niliowakuta pale walionekana kama watu waliohudhuria tangu siku ya kwanza ya zote mbili. Mmoja alikuwa na koti la suti, kwenye joto lile! Wimbo ulipokuwa bado unatembea taratibu, alicheza na mkewe huku amefumba macho. Magitaa yalipobadilika na tarumbeta kuingia, akajua chemko limefika, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi. Hakukurupuka. Alivua koti, akalikunja mikono ndani, akalitundika kwenye kiti, akalipigapiga vumbi, ndipo akarudi uwanjani. Vijana tuliobaki tulionekana tunaruka kamba tu.

Fundi hakucheza hata wimbo mmoja. Alichuchumaa nyuma ya spika ya kushoto, sikio limetegwa, kisha akaenda kumwambia fundi mitambo kwamba waya wa besi umelegea. Akaambiwa akakae. Baada ya robo saa spika ile ilianza kukoroma, na aliyemfukuza akaja mwenyewe kumwomba. Kuanzia hapo vinywaji vya meza yetu havikulipiwa.

Jumapili tulirudia hayohayo kwa sauti kubwa zaidi. Jumatatu tulilala.

Bandarini Jumanne mtandao wa Mwalimu ulikuwa bado umegoma. Nikakata tiketi mbili, yangu na yake. Boti huchukua kama saa mbili, na Februari ni msimu wa kaskazi, kwa hiyo mkondo ulitutikisa vizuri. Mwalimu alikaa na mfuko wa plastiki mapajani mpaka minara ya Mji Mkongwe ilipoonekana. Sikumhurumia kama nilivyopaswa. Kichwani nilikuwa najumlisha: treni, kiingilio, supu, boti.

Tulifikia kwa shangazi yake Fundi, kwenye maghorofa ya Michenzani. Tulipomwamkia alijibu "marahaba" mara moja kwa wote watatu, akatuwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha akamwonyesha Fundi redio yake ya kaseti iliyonyamaza miaka. Fundi alichukua kijiti cha kiberiti, akakizungushia pamba, akachovya kwenye spiriti na kufuta kichwa cha kusomea kaseti. Pamba ilitoka nyeusi kama masizi. Kaseti iliyokuwa imekwama ndani ilikuwa ya Bi Kidude, aliyefariki 2013, na sauti ile yenye mikwaruzo ilipotoka, shangazi alikaa chini na mwiko bado mkononi.

Jumatano usiku alitupeleka kwenye taarab asilia. Nilizoea muziki wa kusimama, na hapa watu wamekaa safu kwa safu, kanuni, udi, fidla na akordiani zikianza bila haraka yoyote, wanawake wananukia asumini. Mara kwa mara mama mmoja anainuka, noti ameishika juu, anakwenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, anamtunza, anarudi. Nikaona ni jambo zuri. Ubeti ulipofika unaosema juu ya mtu anayekula cha mwenzake kisha akajifanya hajui njia ya kurudi, sauti ya yule dada ilinipanda mgongoni. Nikatoa elfu kumi. Nikatembea, nikatunza, nikarudi nikijiona mstaarabu.

Safu mbili mbele, watu waligeuka. Kwanza walinitazama mimi, halafu wakaanza kutafuta. Macho yao yakamkuta Mwalimu.

"Mwanangu," shangazi aliniambia njiani, akijitahidi asicheke, "wewe hukumtunza mwimbaji. Umemtukana mtu mbele za watu." Akanieleza kuwa ukinyanyuka kwenye ubeti umeufanya wako, unamrushia unayemjua, na wote ukumbini wana haki ya kumtafuta ni nani. "Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Katika miaka yote hiyo unadhani kuna aliyenyanyuka kwa kupenda fidla tu?"

Niliapa sikukusudia. Mwalimu hakujibu, na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, sina uhakika na kiapo changu.

Alhamisi alininunia kutwa. Jioni mtaani kulikuwa na harusi, na kidumbaki kimepigwa wazi: fidla moja, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, na besi ya sanduku la mbao lenye fimbo na kamba. Ni ndugu mkorofi wa taarab, hakuna anayekaa. Fundi alikwama kwenye lile sanduku akilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwimbaji alipogeukia ubeti wa msimangaji, yule anayekupa tonge kisha anakuhesabia punje, nilimwona Mwalimu anapasua katikati ya wachezaji, mkono juu. Elfu kumi. Akaigandisha kwenye paji la uso la mwimbaji, akageuka akanitazama mimi, hakuna mwingine. Akina mama wakapiga vigelegele.

Kwa hesabu yangu, noti ile ilikuwa yangu.

Tulicheka mpaka tukashikana. Tulikwenda Forodhani kunywa juisi ya miwa yenye tangawizi, na Ijumaa na Jumamosi tukaingia Ngome Kongwe, ambako tamasha hili limekuwa likivuta watu tangu 2004. Majukwaa yale yanastahili simulizi yao wenyewe: unasimama kwenye majani ndani ya kuta walizojenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, ngoma inagonga ukuta na kukurudia kifuani mara ya pili. Lakini nitasema kweli, kila bendi iliyopanda nilikuwa nasubiri ubeti.

Jumapili, dirisha la tiketi za boti, Mwalimu alinigeukia na simu yake mkononi, amekunja uso. Fundi, ambaye wiki nzima hakuwahi kuimba, akaanza kuvumisha ubeti wangu wa Jumatano, polepole, bila kumtazama mtu.

Mwalimu akakata tiketi tatu.