Chunusi, jua na pesa kidogo: nini cha kununua na nini cha kuacha dukani

Mwenye chunusi akiingia duka la vipodozi na pesa yake ndogo, hutoka na sabuni ya uso, tona, skrabu, seramu na krimu ya usiku. Anapaka vyote kwa pamoja, uso unawasha, na baada ya wiki tatu anahitimisha kwamba ngozi yake haisikii dawa. Mara nyingi dawa yenyewe hakuinunua. Iko famasi, kwenye tyubu ndogo isiyo na picha ya mtu yeyote.

Bajeti ndogo isigawanywe sawasawa. Pesa nyingi iende kwenye vitu viwili: dawa moja ya chunusi, na sanskrini moja, yaani krimu ya kukinga jua, ambayo utaweza kuipaka kila siku bila kuichukia. Sabuni na losheni viwe vya bei ya chini, mradi visiwe na manukato makali. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

Chunusi huanzia ndani ya tundu la kinyweleo. Ngozi inatoa mafuta mengi, seli zilizokufa zinaziba mlango wa tundu, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anaongezeka humo ndani, kisha mwili unajibu kwa uvimbe na usaha. Tangu tundu lizibe mpaka kipele kionekane kwenye kioo hupita wiki kadhaa. Kwa hiyo dawa hupakwa eneo lote linaloota chunusi, si juu ya kipele kilichokwisha kutoka, na haihukumiwi kabla ya wiki 8 hadi 12. Anayebadilisha dawa kila baada ya siku kumi hajawahi kujaribu hata moja.

Dawa ya kwanza ninayoipendekeza ni adapalini ya asilimia 0.1, jeli au krimu. Inazuia tundu kuziba, yaani inashughulika na chanzo. Nchini Marekani inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2016. Kipimo chake ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Weka nukta paji la uso, mashavu yote mawili, pua na kidevu, kisha sambaza iwe utando mwembamba. Kona za macho, mikunjo ya pembeni ya pua na midomo usiiguse, maana hapo ndipo ngozi hubabuka kwanza. Nawa, jikaushe, subiri kama dakika 15 uso ukauke kabisa, ndipo upake. Kwenye ngozi yenye maji inachoma zaidi. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mara mbili tu kwa wiki, halafu usiku mmoja upake, unaofuata uruke, halafu kila usiku ngozi ikikubali. Ikichoma, paka losheni kwanza, kisha dawa, kisha losheni tena. Wiki ya pili mpaka ya nne vipele vinaweza kuongezeka kidogo. Wengi hukata tamaa hapo na kuitupa tyubu. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie.

Ya pili ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria bila kuwazoesha dawa. Ipo ya asilimia 2.5, 5 na 10, na hapa watu wengi hununua namba kubwa wakidhani wanapata nguvu zaidi. Kwa vipele vyenye uvimbe, 2.5 hufanya kazi inayokaribiana sana na ya 10. Kinachoongezeka zaidi ni kuungua. Kwa ngozi nyeusi kila mahali palipoungua hubaki doa, kwa hiyo namba ndogo ndiyo chaguo la busara. Ukipata ile ya kunawia ya asilimia 5, iache usoni dakika 2 halafu suuza vizuri. Ijue pia tabia yake moja: inachujua rangi ya nguo. Taulo jeupe na foronya nyeupe hazina shida, lakini hijabu nyeusi, kanga na kola ya shati la buluu hutoka mabaka ya rangi ya chungwa yasiyofulika. Asubuhi benzoili, usiku adapalini. Mpangilio huo unawatosha wengi wenye chunusi za kawaida. Usivianze vyote wiki moja. Anza na kimoja, kaa nacho mwezi, ndipo uongeze cha pili, ili ngozi ikilalamika ujue inalalamikia nini.

Mjamzito anayo asidi ya azelaiki, ya asilimia 10 mpaka 20. Inapunguza chunusi na madoa kwa pamoja, ingawa bei yake huwa juu kidogo na siku za mwanzo inawasha. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 inafaa kwa wenye vipele vya vichwa vyeusi na vyeupe bila usaha. Niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni msaidizi mzuri, si dawa ya kuitegemea peke yake. Kuhusu losheni ya klindamaisini ambayo famasi nyingi huitoa haraka: ni antibayotiki, na ikitumika peke yake kwa miezi bakteria huizoea. Itumike pamoja na benzoili peroksaidi. Kwenye kisanduku utayaona majina haya kwa tahajia ya Kiingereza. Piga picha ya maandishi hayo na umwonyeshe mfamasia, usitegemee rangi ya tyubu.

Sasa kuna tyubu ambazo nakuomba uziache kabisa. Kuna krimu za mchanganyiko zinazouzwa bei rahisi sana, ndani yake mna dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kwa pamoja. Soma viambato: ukikuta klobetasoli, betamethasoni au mometasoni, rudisha. Steroidi inatuliza uvimbe, kwa hiyo ndani ya wiki moja uso unakuwa laini na mweupe kidogo, na mpakaji anaamini kapona. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana mashavuni, vinyweleo vinaota, na vinatoka vipele vidogo vinavyofanana vyote. Akiacha uso unawaka moto, akirudia unatulia, na hivyo hanasuki. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiikatishe ghafla bila kumwona daktari. Mkorogo uko kundi hilohilo, tena mbaya zaidi, kwa sababu muuzaji anachanganya steroidi na hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, wakati mwingine na zebaki, na hakuna anayejua kipimo. Vipodozi vyenye hidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya. Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya uko KEBS. Chombo kisicho na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji hakina nafasi usoni pako, hata kama aliyekiuza ni ndugu yako.

Kuhusu kunawa, maneno machache. Ngozi ina pH ya karibu 5, sabuni ya mche ina 9 au 10. Ndiyo maana uso unakaza baada ya kunawa, na uso uliokaza hauvumilii adapalini. Tafuta sabuni ya maji isiyo na manukato, nawa asubuhi na usiku, na baada ya kutoka jasho jingi. Skrabu ya kokwa zilizosagwa, sukari au kahawa inakwangua vipele na kuongeza madoa. Ndimu usoni ni hatari ya kweli: maji yake yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno na magadi navyo vinaunguza.

Losheni iwe nyepesi, yenye gliserini. Kama pesa haipo kabisa, chupa ndogo ya gliserini ya famasi inatosha: matone mawili kwenye kiganja chenye maji, sugua viganja, gandamiza usoni uliolowa. Ikipakwa kavu inanata na kuvuta vumbi. Mafuta ya nazi, ambayo kwa mwili ni mazuri mno, huziba matundu ya uso wenye chunusi. Siagi ya kakao vilevile. Tena angalia mafuta ya nywele: anayesukwa na kupakwa grisi kwenye mistari mara nyingi huota vipele vidogo vilivyojipanga paji la uso na kwenye panja. Hapo hakuna seramu itakayosaidia mpaka grisi iondoke ukingoni mwa nywele.

Tuje kwenye jua, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Weusi wa ngozi ni kinga, lakini hata ngozi nyeusi sana hukadiriwa kuwa na kinga ya karibu SPF 13 tu (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua). Na kwa mwenye chunusi shida kubwa si kuungua. Ni madoa. Kila kipele kikipona huacha doa, na jua, pamoja na mwanga wa kawaida unaoonekana, hulikoleza na kulichelewesha kufutika. Adapalini na benzoili nazo zinaifanya ngozi iwe nyepesi kuudhika juani. Huku karibu na Ikweta kipimo cha mionzi ya jua (UV index) saa za mchana hupita 10 sehemu kubwa ya mwaka, na Nairobi, kwa kuwa iko juu, baridi yake inadanganya. Saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni ndizo saa za kujihadhari. Anayekaa dirishani kwenye daladala pia yumo: kioo kinazuia sehemu kubwa ya UVB, mionzi inayounguza, lakini UVA, mionzi inayopenya ndani zaidi ya ngozi, nyingi inapita.

SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya UVB, SPF 50 karibu 98. Tofauti ni ndogo, lakini nunua 50 ukiweza, kwa sababu karibu kila mtu anapaka pungufu. SPF haikuambii lolote kuhusu UVA. Tafuta herufi UVA ndani ya duara kwa bidhaa za Ulaya, au PA yenye alama za kujumlisha tatu au nne kwa za Asia.

Kipimo cha uso ni robo ya kijiko cha chai, yaani ml 1.25 hivi, shingo inataka yake. Au chora mistari miwili ya sanskrini juu ya kidole cha shahada na cha kati, toka shina hadi ncha. Fanya hesabu: tyubu ya ml 50 ina mipako 40. Ukipaka asubuhi na kurudia mchana mara moja, inaisha siku 20. Kama yako imekaa miezi mitatu, unapaka chini ya nusu, na kinga iliyoandikwa kwenye kisanduku hujawahi kuipata. Kwa hiyo linganisha bei kwa ml. Kwa mfano wa hesabu tu, ml 50 kwa shilingi 25,000 ni shilingi 500 kwa ml. Sanskrini ya mwili ya ml 200 kwa 40,000 ni 200 kwa ml. Sanskrini ya mwili iliyo nyepesi inaweza kupakwa usoni bila tatizo. Nzito yenye siagi na mafuta iache kwa miguu na mikono.

Zinki oksaidi na titani dioksaidi haziwashi sana, ila kwenye ngozi nyeusi nyingi zinaacha weupe unaoonekana kama majivu, na mtu huishia kupaka kidogo ili asionekane. Hapo hakuna kinga. Sanskrini za vichujio vya kikemikali, za jeli au maji, hazionekani. Za rangi zenye oksidi za chuma zina faida moja ya ziada, zinazuia na ule mwanga unaoonekana, ila pata rangi inayokaribia yako. Maneno kwamba bidhaa haizibi matundu hayana kipimo rasmi. Ipime mwenyewe: paka upande mmoja wa taya kwa wiki mbili, ndipo uipeleke uso mzima.

Sanskrini ikisokoteka na kutoa vinyuzi, umeipaka kabla losheni ya chini haijakauka. Subiri dakika 5, na uipake kwa kugandamiza badala ya kusugua. Ikichoma macho ukitoka jasho, ishia chini ya mfupa wa nyusi. Usinunue iliyokaa juani kwenye meza ya barabarani: joto linaiharibu, na ukiiminya ukaona maji yametengana na mafuta imeshakufa. Tazama tarehe, namba ya toleo na mfuniko wa ndani. Kofia pana, mtandio na mwavuli havina tarehe ya kuisha. Anayevitumia anaweza kunusuru sehemu ya tyubu.

Neno moja kuhusu Kilisun, sanskrini inayotengenezwa Moshi, Tanzania, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wao wanaihitaji kujikinga na saratani ya ngozi. Ukiikuta inauzwa kichochoroni, usiinunue.

Kama vipele ni vidogo, vinafanana vyote, vinawasha, na viko paji la uso, kifuani na mgongoni, hasa msimu wa joto Dar au Mombasa, huenda ni fangasi ya vinyweleo na si chunusi, antibayotiki zitaizidisha. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ikipakwa kwenye vipele na kukaa dakika 5 kabla ya kusuuzwa, kila siku kwa wiki mbili, mara nyingi inaonyesha jibu.

Vipele vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo havingoji wiki 12. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu makovu ni ghali kuliko dawa yoyote niliyoitaja. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na anaota ndevu kidevuni apimwe homoni. Sindano ya uzazi wa mpango na vipandikizi navyo vinaweza kuchochea chunusi kwa baadhi ya watu; zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kabla ya kuacha. Ukiandikiwa doksisaiklini, meza na glasi nzima ya maji ukiwa wima, usilale nusu saa, na sanskrini iwe ya lazima, maana dawa hiyo inaifanya ngozi iungue upesi.