Yoti sio mpaka uwe tajiri

Kila nikimwambia mtu wikiendi nilikuwa kwenye yoti swali la kwanza ni hela umetoa wapi. Watu wakisikia yoti wanawaza lile dude jeupe la ghorofa tatu lenye helikopta juu. Hayo yapo, ila ninayopanda mimi ni ya tanga, urefu mita 7 tu, ni ya mzee mmoja rafiki yangu, ndani vitanda viwili na jiko dogo la gesi, ukisimama wima kichwa kinagusa dari. Na ni yoti kamili.

Neno lenyewe ni la Waholanzi, jacht, linatokana na kuwinda, vilikuwa vyombo vyepesi vya mbio. Mwaka 1660 Amsterdam wakamzawadia mfalme Charles II wa Uingereza kimoja kinaitwa Mary, na 1661 huyo huyo mfalme ameshawekeana dau la pauni 100 na mdogo wake James, mbio za mto Thames kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi. Kwenda upepo ulikuwa wa mbele, mfalme akashindwa, kurudi akashinda yeye.

Huo upepo wa mbele ndio ulionifanya nipende tanga jamani. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka, inabidi ubishe, unakwenda mshazari kama digrii 45 upande huu, halafu unageuza unakwenda mshazari upande wa pili, hivyo hivyo mpaka unafika. Tanga linakuvuta pembeni, mkuku, lile bapa zito lililo chini ya chombo ndani ya maji, unakataa kwenda pembeni, basi chombo kinachomoka mbele kama mbegu ya chungwa ukiiminya kwa vidole. Na huo mkuku una madini ya risasi au chuma ndani, mara nyingi theluthi ya uzito wote au zaidi, ndio maana yoti inalala ubavu mpaka unaona maji yanapita karibu na kiwiko chako na bado haipinduki.

Siku ya kwanza mzee aliponiachia kana, ule mti wa kushika wa usukani, niligeuza taratibu mno, mwendo ukafa katikati, omo, yaani mbele ya chombo, ikabaki inautazama upepo, tanga likaanza kupigapiga kwa kelele na yoti ikarudi kinyumenyume. Akaniambia tulia, sukuma kana upande ule, subiri. Tukasubiri. Tanga likajaa ghafla, kelele zikakatika, na ile kana nikaisikia inatetemeka kidogo mkononi, maji yameanza kukimbia tena chini. Nimeitafuta hiyo hali kila wikiendi tangu siku hiyo.

Na kuhusu hela, baharia Joshua Slocum aliizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, wa kwanza kufanya hivyo, na chombo chake Spray lilikuwa boti chakavu la kuvulia chaza alilopewa akalijenga upya kwa mikono yake. Wewe hata kujenga huhitaji. Kama unapoishi kuna klabu ya matanga nenda siku ya mashindano, fika mapema, vaa viatu vya soli laini isiyochafua sitaha, uliza nani amepungukiwa mtu. Manahodha wengi huwa wamepungukiwa, na upepo ukiwa mkali wanapenda sana mtu wa kuongeza uzito upande ulioinuka yoti inapolala.