Risiti tatu za klachi

Jana nimerudi Moshi usiku, nikalala bila kula, kichwa chote kiko kwenye ile gari. Subaru Impreza WRX ya bluu, zile zenye taa za mviringo zilizotoka Japani 2000 mpaka 2002, injini lita 2 yenye tabo, gia tano za mkono. Naitamani gari hii toka niko primari, tulikuwa tunasimama juu ya ngema tunasubiri magari ya rali, vumbi mpaka kwenye meno, unaisikia injini kabla hujaiona gari yenyewe.

Mwenye gari anayeiuza yuko Njiro, Arusha. Nikamuomba makaratasi ya matengenezo akanitolea faili zima bila kusita, na hapo nikampenda sana, maana wauzaji wengi ukigusia gia boksi wanakwambia "klachi mpya kaka, haina hata mwezi" na karatasi hakuna. Sasa klachi mpya ndo nini kama hujui ya zamani ilikufa kwa nini?

Tukakaa barazani, nikazipanga risiti kwa tarehe. Za klachi, ile inayoshika na kuachia nguvu ya injini kwenda gia boksi, zilikuwa 3. Kati ya ya kwanza na ya tatu gari imetembea kilometa 17,000 tu. Klachi ya mtu anayeendesha kistaarabu inaweza kufika laki moja na kupita. Na kila risiti imeandikwa diski na ufundi, basi, hakuna presha pleti inayoibana diski, hakuna beringi ya klachi inayofanya kazi ukikanyaga pedali, hakuna kuchonga flaiwili, lile gurudumu la injini diski inapokamata. Hili liliniuma kweli, yaani mtu anashusha gia boksi nzima, kazi ya kutwa, mgongo unauma, halafu anarudisha beringi ileile ya zamani ili kuokoa hela kidogo, na mwenye gari atalipa tena kushusha gia boksi ileile.

Nikampigia mzee wangu fundi wa Majengo, shikamoo, marahaba, nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, diski zikiisha haraka hivyo ni mawili, ama gari imepigwa ligi ama diski inakunywa oili. Lala chini uangalie pale injini inapokutana na gia boksi."

Kabla ya kulala chini nikaona risiti nyingine, ya zamani kidogo, imeandikwa "gia boksi used" na hakuna neno lolote kuhusu difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma. Hapa wengi wanapita tu lakini kwa Subaru ni jambo kubwa, gari inavuta miguu yote minne, na gia boksi ina difu ya mbele ndani yake, kwahiyo ukifunga gia boksi ya modeli nyingine yenye uwiano tofauti na difu ya nyuma, mbele na nyuma vinabishana kila tairi zikizunguka mpaka kimoja kinakufa. Ndo maana hata tairi zinatakiwa ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Na hii boksi ya gia tano ya WRX sio kama ile ya gia sita ya STI, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ile ni chuma, hii ukiachia klachi kwa kishindo mara nyingi meno ya gia yanakatika. Nilimuuliza ilibadilishwa kwa nini, akasema aliinunua gari ikiwa hivyohivyo.

Tukaenda kuijaribu. Uwanjani nikakata usukani mpaka mwisho nikazunguka polepole, laini kabisa, haishiki wala hairuki, yaani mbele na nyuma havionyeshi kubishana, nikashusha pumzi. Gia ya pili kwenda ya tatu, na kurudi, haikwaruzi. Nikakanyaga klachi gari imesimama, kelele ndogo ya kusaga ikaanza, nikiachia inapotea, hiyo ni beringi moja kwa moja. Halafu kilimani, gia ya nne, nikakanyaga mafuta hadi chini, mshale wa mizunguko ukapanda kama gari iko nyutro na spidi iko palepale. Klachi inateleza, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Diski haina hata mwaka!

Tukarudi nikatandika boksi la karatasi chini nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Pale kwenye maungio pamelowa, oili ya injini, mbichi. Sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili isitoke nyuma ya injini. Mara tatu wamebadilisha diski na mara zote tatu sili wameiacha, na wote walibakiza kufungua flaiwili tu waifikie!

Nikamuonyesha. Kaka wa watu akachuchumaa pale muda mrefu hasemi kitu, halafu akaingia ndani akarudi na faili, akaomba nimpangie zile risiti kwa tarehe kama nilivyofanya mwanzo. Alikuwa hajawahi kuzisoma pamoja. Akasema, "Mimi nilijua mguu wangu ndo mbaya," na kwa kweli nilimwonea huruma kuliko nilivyoionea hela yangu.

Hatujataja bei tena. Jumamosi anashuka nayo Moshi taratibu, mzee atashusha gia boksi, nimemuomba asome na ile namba inayoanza na TY kwenye gamba lake, inayotambulisha aina ya gia boksi, ailinganishe na difu ya nyuma, na nitakuwepo pale na overoli yangu toka asubuhi.