Jinsi nilivyoiona risasi ya maji ya kisima kwa leza

Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu kuna kisima, na hatua chache kutoka hapo mafundi wamekuwa wakivunja betri kuukuu za magari kwa miaka mingi. Kwa hiyo niliporuhusiwa kutumia leza ya maabara kwa utafiti wangu wa uzamili, mada nilikuwa nayo tayari: kupima kama risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri hizo, imeingia kwenye maji ya kisima.

Kanuni yake ni nyepesi. Pigo la leza la nanosekunde chache, likikusanywa na lenzi mahali pamoja, hugeuza kilichopo hapo kuwa plazma, yaani gesi inayong'aa, yenye joto la karibu nyuzi 10,000. Plazma ikianza kupoa, kila elementi hutoa mwanga wake. Risasi huonekana kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 405.78. Ukifungua spektrometa, kifaa kinachouchambua mwanga huo, mapema mno unapata weupe mtupu, hivyo mimi nilikuwa naisubirisha kama maikrosekunde moja.

Maji yakanigomea. Nililenga bakuli lenye maji niliyoyatia risasi mwenyewe. Pah! Maji yakaruka hadi kwenye lenzi, viputo vikajaa, cheche ikazimika. Wiki mbili nzima kazi yangu ikawa kufuta lenzi. Nguvu ya leza ilikuwa inaishia kuyachemsha na kuyarusha maji, na risasi ikibakiwa na kidogo sana cha kuiangaza. Nikaamua kuyaondoa maji kwanza.

Nikachukua kibamba cha alumini, nikakipiga msasa laini, nikadondosha tone la mikrolita 10, nikalikausha. Nikapiga leza katikati ya doa. Hakuna kitu, na tone lile lilikuwa na miligramu 100 za risasi kwa lita! Siku ile nusura nikate tamaa. Nilipokiinamisha kibamba kwenye mwanga wa taa ndipo nikaona: ukingo wa doa umezungukwa na mstari mwembamba mweupe, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Tone linapokauka, maji hukimbilia ukingoni na kubeba kila kilichoyeyuka ndani yake. Risasi yangu ilikuwa imejikusanya kwenye pete ile. Nikaanza kuifuata pete yenyewe, mapigo 40 nikiyajumlisha pamoja, na kwenye mchoro wa spektrometa kilele cha risasi kikasimama wima kati ya mistari miwili ya mwanga wa chuma, nanomita 404.58 na 406.36. Chuma hicho kimo kwenye alumini, na nilifurahi kuwa nacho, maana kilinihakikishia kila siku kwamba spektrometa haijasogea.

Shida iliyobaki ilikuwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha risasi kwenye maji ya kunywa kuwa maikrogramu 10 kwa lita. Mimi nilikuwa naona vizuri kuanzia miligramu 1, yaani mara 100 ya kikomo. Nikayatia maji ya kisima asidi ya nitriki kidogo ili risasi isigande kwenye kuta za chupa, nikachukua mililita 100 na kuziacha juu ya moto mdogo mpaka ikabaki mililita 1. Risasi ikakolea mara 100. Chumvi za kisima nazo zikakolea vivyo hivyo, pete ikawa nene na kilele kikafifia, kwa hiyo mstari wangu wa vipimo, ule wa kugeuza urefu wa kilele kuwa kiasi cha risasi, niliouchora kwa maji safi, haukufaa tena. Nikaigawa sampuli katika vichupa vinne: kimoja nikakiacha kilivyo, vitatu nikaviongezea risasi kwa vipimo ninavyovijua, kisha nikarudi nyuma kwenye grafu hadi nikapata kiasi kilichokuwemo tangu mwanzo. Ikaja maikrogramu 41 kwa lita. Sampuli ya kisima hichohicho niliyoipeleka maabara nyingine, wanakopima kwa njia nyingine, ya tanuru ya grafiti, ikarudi na 38.

Nilimwendea shangazi jioni hiyohiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, tuwe tunayachemsha?"

Ilibidi nimweleze nilivyoipata. Nilichukua maji ya kisima chake, nikayachemsha mpaka yakapungua, na risasi ikabaki yote chini. Ndoo ya kunywa sasa anaijaza kwa jirani mwenye maji ya bomba.